Wiki ya kunadi wazo Eldoret: ayajue nini kijana wa Pwani kabla ya kupanda basi

Ujumbe huingia kwenye simu usiku: "Hongera, umechaguliwa." Siku tano Eldoret, malazi na chakula juu ya mdhamini, zawadi kwa vikundi vitatu vya kwanza, uje na kompyuta yako. Kijana hufurahi, mama yake huanza kutafuta sweta, na jioni kibarazani wazee huuliza maswali mawili. Huyu atarudi na nini? Na hiyo kampuni inayolipa yote hayo, yenyewe yapata nini?

Maswali yote mawili ni ya haki. Makala haya yanajaribu kuyajibu kwa ajili ya vijana wetu wanaosoma katika vyuo vya Eldoret, na wale wanaoalikwa huko kutoka Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu. Mwandishi amepita humo mara mbili, kwanza kama mshiriki, baadaye kama mshauri wa vikundi. Mara ya kwanza niliumia, na nitaeleza wapi.

Wiki yenyewe ni kitu gani

Jina hubadilika kila ajapo mdhamini mpya, ila mtindo ni mmoja. Watu wasiojuana hukusanywa, hugawanywa katika vikundi vya watatu hadi sita, hupewa siku chache za kuchagua tatizo na kutengeneza mfano wa awali wa dawa yake (vijana huuita prototaipu), kisha siku ya mwisho husimama mbele ya majaji kulinadi wazo lao kwa dakika tatu au tano. Nimetumia neno kunadi makusudi. Mnadi wa sokoni hana muda wa kukueleza historia ya kitambaa. Akuonyesha, akutajia bei, na ama wanunua ama wapita.

Mtindo huu una asili mbili. Ya kwanza ni Startup Weekend, iliyoanza mwaka 2007 katika mji wa Boulder, jimbo la Colorado, Marekani. Watu huingia Ijumaa jioni na kutoka Jumapili usiku, jumla ya saa 54, na wakitoka huwa wamejaribu kuanzisha kampuni changa. Ya pili ni utaratibu wa siku tano uliobuniwa na Jake Knapp alipokuwa Google, na ambao yeye na wenzake wawili waliuandikia kitabu, Sprint, mwaka 2016. Humo Jumatatu ni ya kulichambua tatizo, Jumanne ya kuchora masuluhisho, Jumatano ya kuamua lipi lifuatwe, Alhamisi ya kutengeneza mfano, na Ijumaa ya kuwapa wateja watano waujaribu huku nyinyi mkiwatazama.

Wiki nyingi za kwetu Kenya huchanganya mambo hayo mawili, siku tano za Knapp na mashindano ya Startup Weekend. Katika kuchanganya huko, mara nyingi wale wateja watano wa Ijumaa huondolewa na mahali pao wakawekwa majaji. Lishike hilo, kwa maana mengi yatakayofuata yatoka hapo.

Ukumbi na washauri kwa kawaida hutoka kwenye habu, yaani vituo vya wabunifu. Cha kwanza kujulikana sana nchini kilikuwa iHub ya Nairobi, mwaka 2010. Baadaye Kisumu ikapata LakeHub, Mombasa ikapata Swahilipot Hub isiyo mbali na Fort Jesus, Voi ikapata Sote Hub, na Eldoret ikapata EldoHub. Habu ina watu na intaneti, kampuni ina pesa, na chuo kina wanafunzi. Watatu hao wakikutana, wiki hupatikana.

Mdhamini apata nini

Mkono mtupu haulambwi, na hakuna kampuni itoayo hoteli na nauli kwa mapenzi matupu. Benki hutaka akaunti mpya na wakopaji wa kesho. Kampuni ya simu hutaka huduma zitakazopitisha malipo kwenye mtandao wake. Safaricom ilipofungua mlango wake uitwao Daraja mwaka 2017, ili watengenezaji programu waiunganishe mifumo yao na M-Pesa, kila duka jipya la mtandaoni lililopita mlango huo likawa biashara ya Safaricom pia. Wengine hutafuta wafanyakazi, kwani kumtazama kijana siku tano akifanya kazi na kukosana na wenzake kwafaa kuliko mahojiano ya nusu saa. Na wote hutaka picha.

Hakuna dhambi hapo. Ila ukishajua mdhamini ataka nini, utaelewa kwa nini mada ya wiki ni ile iliyochaguliwa, na utajua cha kumwomba. Kikundi kilichokosa zawadi chaweza kuondoka na kitu bora kuliko hundi: kikao na meneja wa tawi, ruhusa ya kujaribu mfano wao kwa wateja wa kampuni, au barua ya kazi.

Kuhusu zawadi yenyewe, uliza mapema kama ni pesa taslimu. Tangazo husema "zawadi za thamani ya" kadha wa kadha, na ukichunguza wakuta sehemu kubwa ni nafasi ya kuhifadhi data mtandaoni, mafunzo, na meza ya bure ofisini kwa miezi sita. Meza iliyoko Eldoret haimfai kitu mtu wa Malindi.

Eldoret si Nairobi ndogo

Eldoret ilipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, ikawa la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Uchumi wake, hata hivyo, ungali umeshikwa na shamba. Uasin Gishu na jirani yake Trans Nzoia ndizo ghala la mahindi la Kenya, na sehemu nzuri ya sima tunayoilia samaki huku Pwani yatoka huko. Kuna ngano, kuna maziwa, kuna kambi za wanariadha, kuna hospitali ya rufaa ya Moi inayopokea wagonjwa wa magharibi yote ya nchi, kuna kiwanda cha nguo cha Rivatex ambacho Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka 2007. Chuo chenyewe, cha pili kwa umri nchini, kilianza mwaka 1984 na makao yake ni Kesses, nje ya mji. Chuo Kikuu cha Eldoret kilipata hadhi kamili mwaka 2013. Basi ukumbini utawakuta watu waliokulia kwenye mashamba hayo, na majaji wengi pia wana ekari zao.

Kosa nililoliona kwa vijana wetu mara zote mbili ni kwenda na wazo la ufukweni. Mwingine huja na programu ya watalii wa Diani, mwingine na mtego wa samaki. Mawazo si mabaya, lakini wateja wake wako kilomita 800 kutoka pale ulipo, na wiki hii yote, ikiendeshwa vizuri, ni kutoka nje kuwauliza wateja. Huwezi kumwuliza mvuvi wa Shimoni ukiwa Eldoret. Chagua tatizo ambalo mwenyewe waweza kumfikia kwa miguu au kwa matatu ya shilingi hamsini. Ikiwa huwezi kuuacha upwa, tafuta tatizo lenye ncha mbili, moja huko na moja kwetu.

Mambo ya safari ni machache. Mji uko karibu mita 2,100 juu ya bahari, na usiku ni baridi ya kweli, si ile tunayoiita baridi mwezi wa saba. Fika siku moja kabla, kwa sababu mtu aliyeshuka basi asubuhi baada ya kukesha njiani hana ubongo wa kuchagua kikundi. Wazazi wa mabinti waulize wazi malazi yakoje na nani anayewasimamia. Waandalizi makini huwa na jibu tayari. Na kwa kuwa ratiba huendeshwa kwa saa, swala ya Ijumaa na chakula halali viulizwe kabla ya kusafiri. Misikiti ipo mjini, ila ratiba haimsubiri asiyesema.

Siku ya pili ndiyo wiki

Kikundi changu cha kwanza tulikuwa wanne. Mimi nilitoka Mombasa, wenzangu watatu walikuwa wakisoma kulekule. Ilikuwa Novemba, miaka kadhaa kabla mji haujawa jiji, na mahindi yalikuwa yakivunwa. Usiku wa kwanza tulikubaliana kutengeneza programu ya simu ya kumkutanisha mkulima wa Uasin Gishu na mnunuzi wa Pwani, madalali wasiingie kati. Ilipendeza masikioni. Tukachora nembo hata kabla ya kulala.

Asubuhi mshauri wetu akazifungia kompyuta zetu kabatini, akatupa nauli, akatuambia tusirudi mpaka tumezungumza na watu kumi.

Kiswahili cha kwetu kilisaidia kwa njia ambayo sikuitarajia. Nilimwuliza mzee mmoja, "Mwavuna lini nyinyi?" akacheka kwa sauti, akawauliza wenzangu huyu mmemtoa wapi. Baada ya hapo alitaka kuzungumza na mimi kuliko wao. Mzee alikuwa na simu ya kabambe, hivyo programu yetu ikafa pale pale. Tukamwuliza kuhusu wanunuzi. Akasema wanunuzi hawajawahi kukosekana, waja na lori mpaka mlangoni. Na dalali tuliyemfanya adui? Dalali, akasema, ndiye hulipa taslimu siku ileile, na karo haingoji.

Mtu wa saba alikuwa mama mwenye ekari tano. Mwaka uliotangulia alikodi lori kupeleka magunia sitini kwenye ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao. Bodi haipokei mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5. Yake yalipimwa langoni, yakaonekana hayajakauka, yakarudishwa. Alilipa lori kwenda, akalipa lori kurudi, kisha akauza kwa dalali kwa bei aliyoitaka dalali. Tukamwuliza: alijuaje, kabla ya kukodi lori, kwamba yamekauka? Akachukua punje, akaiuma kwa jino la nyuma. "Hivi," akasema.

Kuna njia nyingine ya nyumbani, ya chumvi na chupa: watia mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, watikisa, waiacha kidogo, na chumvi ikigandana na kioo ujue yangali na maji. Lakini njia hiyo huonyesha tu unyevu uliopita asilimia 15 hivi. Kati ya 15 na 13.5 ndipo magunia yanaporudishwa. Na si lori tu lililo hatarini. Mahindi mabichi yakihifadhiwa huota kuvu, na kuvu huzaa aflatoksini, sumu iliyoua watu 125, hasa Ukambani, mwaka 2004. Mahindi hayo hayabaki yalipovunwa. Hufika mpaka kwenye mashine za kusaga za mitaani kwetu.

Tukairudia kazi upya. Mfano wetu wa awali haukuwa na mstari hata mmoja wa programu. Ulikuwa kipima unyevu tulichoazima kwa mhadhiri mmoja, daftari, kalamu, na kipande cha kadibodi kilichoandikwa kwa mkono: TUNAPIMA UNYEVU, SHILINGI 20 KWA GUNIA. Siku ya nne tulisimama nacho mahali malori yanapopakiwa. Kwa magunia sitini ya yule mama ingekuwa shilingi 1,200, hela ndogo mbele ya lori linalolipiwa kurudi na mzigo uleule. Wakulima watano walilipa. Wawili walikataa, mmoja wao akituona matapeli. Kisha akaja dalali, akatazama, akauliza kama twaweza kumpimia lori zima kila wiki, kwa sababu yeye naye hurudishwa langoni. Yule tuliyekuja kumfukuza sokoni ndiye akawa mteja wetu mkubwa.

Ndiyo maana nasema mfano wa awali si kitu cha kuwaonyesha majaji. Ni swali unalomwuliza mteja, na jibu lake ni pesa kutoka mfukoni au mgongo kugeuka. Kadibodi yaweza kuuliza swali hilo, karatasi zilizochorwa vioo vya simu zaweza, mtu aliyekaa nyuma ya pazia akijibu meseji kana kwamba ni mashine aweza. Kikundi kinachokesha siku tatu kikiandika programu kamili hufika Alhamisi kikiwa kimechoka na bado hakijauliza lolote.

Mfano mkubwa wa jambo hili tumo ndani yake kila siku. M-Pesa haikubuniwa kwa kazi tunayoitumia leo. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, kwa fedha zilizotolewa nusu na idara ya maendeleo ya Uingereza na nusu na kampuni yenyewe, waliijaribu Kenya kuanzia Oktoba 2005 pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Lengo lilikuwa wakopaji walipe marejesho yao kwa simu. Watu mia kadhaa walipewa, na waliokuwa wakitazama wakaona vituko. Wateja walikuwa wakitumiana pesa wao kwa wao, wakiwatumia jamaa walio mbali, na wengine wakiweka pesa kwenye simu kabla ya safari ili wasiibiwe njiani. Huduma ilipotolewa kwa umma Machi 2007, habari ya mikopo ilikuwa imewekwa kando, na mabango yalizungumzia kutuma pesa nyumbani. (Ile hadithi ya kwamba M-Pesa iliibwa kutoka kwa mwanafunzi Mkenya imerudiwa sana vibarazani, kumbukumbu za jaribio hilo haziiungi mkono.) Laiti wangeandaa slaidi wakazipeleka kwa majaji, wangepewa zawadi ya mfumo mzuri wa kulipia mikopo.

Siku ya kunadi

Hapa nitakuwa mfupi, kwa kuwa kila mshauri atakufundisha. Anza na mtu, si na tatizo la dunia. Sisi tulianza na mama, magunia sitini, na lori lililorudi. Majaji waliacha simu zao. Baada ya hapo sema mliwauliza wangapi, wangapi walilipa na kiasi gani, hata kama ni watano tu. Watano waliolipa wana uzito kuliko elfu mnaokisia. Mfano wenu uonekane, lakini usitegemee mtandao wa ukumbini, maana siku hiyo watu mia wanauvuta. Rekodi video kabla.

Lugha huleta mjadala. Majaji wengi hutumia Kiingereza, na vijana wetu wengine hukinyoosha mpaka kinakatika. Uliza kama Kiswahili chakubalika. Mara ya pili nilipokuwa mshauri kilikubalika, na binti mmoja kutoka Kwale aliyenadi kwa Kiswahili alieleweka kuliko wote waliomtangulia.

Maswali ya majaji hayana mengi. Nani atalipa? Mbona hakuna aliyefanya kabla yenu, au ikiwa yupo, nyinyi mwamzidi wapi? Mkipewa pesa leo, Jumatatu mtafanya nini? Hilo la mwisho huangusha wengi, kwa sababu Jumatatu mmoja yuko darasani, mwingine yuko kwenye basi.

Karatasi

Mimi ndiye niliyekuwa kwenye basi.

Tulikuwa wa pili. Zawadi ililipwa kwa awamu tatu, na ya kwanza ilitolewa kwa sharti kwamba kampuni isajiliwe na akaunti ifunguliwe ndani ya siku 14. Mimi nilikuwa nimesharudi Mombasa. Kuhusu mgawo tulikuwa tumekubaliana juu ya chai: "tutagawana sawa." Hakuna aliyeandika. Siku ya kumi na mbili nikapigiwa simu kwamba muda unakimbia, nakala ya kitambulisho changu haijafika vizuri, watasajili wao watatu kisha waniongeze baadaye. Nikasema sawa. Baadaye haikuja. Nilipouliza mara ya tatu nikajibiwa kwamba kazi yote waifanya wao, jambo ambalo kufikia wakati huo lilikuwa kweli. Wakati ule sikuwalaumu sana. Sasa nawalaumu kidogo, na najilaumu zaidi.

Nusu ukurasa ungetosha. Uandikwe siku ya kwanza jioni, kabla hakijawa na thamani chochote, kwa sababu watu huwa wakarimu pasipokuwa na kitu. Yaandikwe majina na nambari za vitambulisho, kila mtu ana fungu gani, nani anashika jina la mtandaoni na nywila, na muhimu zaidi, mtu akiondoka inakuwaje. Waliozoea hufanya hivi: fungu la kila mmoja huiva kidogo kidogo, tuseme kwa miaka minne, na anayeondoka kabla ya mwaka wa kwanza kwisha haondoki na kitu. Masharti hayo yangeniacha mimi mikono mitupu kihalali, nakubali. Lakini ningejua tangu Jumatatu kwamba naamua kuondoka, badala ya kujua baada ya miezi sita kwamba nilishaondoka. Wote watie saini, kila mmoja aipige picha. Kusajili kwenyewe si kazi kubwa. Hufanywa mtandaoni kupitia eCitizen, na Sheria ya Makampuni ya 2015 yaruhusu hata kampuni ya mtu mmoja.

Karatasi ya pili ni ile ya mdhamini, ambayo husainiwa mlangoni pamoja na fomu ya chakula. Iombe mapema uisome nyumbani. Tafuta ndani yake ni nani mwenye haki juu ya mtakachotengeneza. Masharti mengi huwaachia washiriki kazi yao na kumpa mdhamini ruhusa ya kutangaza tu. Mengine humpa haki ya kuwa wa kwanza kununua hisa, jambo la kujadiliwa. Machache husema chochote kilichotengenezwa katika wiki ni mali yake, na hapo nakushauri uwe na wazo la mazoezi, si lile la moyoni.

Usitegemee neno la mdomo hata likitoka kwa bosi. Afrika Kusini, Nkosana Makate alikuwa mfanyakazi kijana wa idara ya uhasibu katika Vodacom alipopendekeza mwaka 2000 huduma ya kumtumia mtu ujumbe wa bure kwamba akupigie. Aliahidiwa malipo kwa mdomo. Huduma ikafanikiwa mno, malipo hayakuja, naye akaenda mahakamani mwaka 2008. Mahakama ya Katiba ilimpa haki Aprili 2016, ikaamuru kampuni ijadiliane naye, na ugomvi wa kiasi gani ukaendelea miaka mingine mingi. Alishinda, lakini hesabu miaka.

Sheria yetu yalinda nini? Wazo tupu halilindwi. Programu mliyoiandika yalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 tangu inapoandikwa, bila usajili, ingawa kuisajili kwa KECOBO husaidia kuthibitisha. Kifaa kipya chaweza kupata hataza kupitia KIPI chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001, au cheti cha ubunifu mdogo ambacho ulinzi wake ni wa miaka 10. Namna ya kufanya biashara, kama ile yetu ya kupima kwa gunia, haipewi hataza. Na jambo lisilojulikana sana: kukinadi kifaa jukwaani ni kukitangaza kwa umma, na kitu kilichotangazwa huhesabiwa si kipya tena. Sheria ya Kenya humpa mbunifu aliyejitangazia miezi 12 ya kuwasilisha ombi. Nchi nyingi nyingine hazimpi hata siku. Mwenye kifaa cha kweli na awasilishe kwanza, au jukwaani aeleze kinafanya nini bila kufungua kinafanyaje.

Mwisho, majina na nambari mlizochukua sokoni si mali yenu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yataka mwenye nambari akubali na ajue itatumiwa kwa nini. Msimpe mdhamini orodha hiyo kwa sababu tu ameiomba.

Nambari ya yule mama alinipa mwenyewe, aliiandika kwenye daftari langu kwa mkono wake. Mavuno yaliyofuata alinipigia. Alikuwa ameanika mahindi kwenye maturubai tangu wiki iliyopita, lori limeshapatikana, na alitaka kujua kile kipimo kitapita lini. Nilimpa nambari za wale watatu.